Njaa ya Roho kwa Vijana Wetu: Nani Atawasikiliza?



Kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi hana njaa ya chakula tu. Anajiuliza kama maisha yake yana thamani mbele ya Mungu na ya watu. Asipopata wa kumweleza, humfuata yeyote anayemwahidi muujiza, au hutafuta nafuu katika pombe. Nasi tukimwona kwaya, twadhani ameshiba.

Sinodi ya Maaskofu iliyofanyika Roma mwaka 2018 ilihusu vijana. Katika waraka Christus Vivit wa mwaka 2019, Baba Mtakatifu Fransisko alilikumbusha Kanisa ombi la vijana wenyewe: wapate walezi wa kutembea nao, na kazi hiyo isiachiwe mapadre na watawa peke yao, walei nao waandaliwe.

Tujifunze njia ya Emau, Injili ya Luka sura ya 24. Bwana alitembea na wale wanafunzi wawili, akawauliza, akawaacha waseme huzuni yao. Ndipo akawafafanulia Maandiko. Sisi mara nyingi huanza na karipio.

Kwa hiyo twaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zichague mwanamume na mwanamke wenye busara, na parokia iwafundishe kusikiliza, kutunza siri, na kutambua shida inayohitaji daktari. Siri ya kijana ikisikika kisimani, hatarudi tena, wala wenzake hawatakuja. Kusikilizwa ni haki yake, si hisani yetu.