Sindano Moja ya Nguruwe: Tumefika Wapi?

(Mazungumzo na wafugaji wa nguruwe, Dandora)



Mimi si daktari wa mifugo. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuwaletea habari jinsi zilivyo. Nikipita mitaa hii naulizwa: "Mtoto kliniki anadungwa sindano moja inayokinga magonjwa matano. Mbona nguruwe wetu hawana ya namna hiyo?"

Ni swali la haki. Kwa mifugo chanjo za mchanganyiko zipo. Hapa jirani, Embakasi, taasisi ya serikali ya KEVEVAPI hutengeneza chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo inayobeba aina kadhaa za virusi kwa dozi moja, maana mnyama aliyekingwa dhidi ya aina moja bado hushikwa na nyingine. Ugonjwa huo hushika nguruwe pia. Nchi za nje kuna sindano za nguruwe zinazounganisha kinga ya magonjwa mawili au matatu.

Lakini unaowamalizia banda zima kwa wiki moja ni homa ya nguruwe ya Afrika, na huo hauna chanjo iliyoidhinishwa Kenya. Haumo ndani ya sindano yoyote ya mchanganyiko inayouzwa hapa nchini. Akija mtu na chupa akisema inao, amekuja kuchukua pesa yako.

Ajabu ni kwamba dunia iliujulia ugonjwa huu hapa kwetu. Mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alichapisha habari za milipuko aliyoichunguza Kenya. Kati ya nguruwe 1,366 aliowaandika, walikufa 1,352. Alijaribu pia kutumia kinga ya homa ya nguruwe ya Ulaya, isisaidie kitu. Majina yanafanana, virusi ni tofauti kabisa.

Zaidi ya miaka mia imepita, na sababu ya kukwama ni kirusi chenyewe. Ni kikubwa, kina jeni zaidi ya 150, na kina makundi mengi. Ukikiua na kukidunga, nguruwe hapati kinga ya maana. Kwa hiyo watafiti hukiacha hai na kukiondolea jeni zinazoua. Vietnam iliidhinisha chanjo ya namna hiyo mwaka 2022, kisha mwaka huo huo ikasimamisha matumizi yake kwa muda baada ya nguruwe kufa. Nayo imetokana na kirusi cha kundi la pili, ilhali Kenya kundi lililozoeleka ni la tisa. Watafiti wa ILRI, kule Uthiru, wanalifanyia kazi hili la kwetu. Mchanganyiko utakuja baadaye: kwanza kila chanjo ithibitishwe peke yake, halafu ionekane kwamba zikiwa pamoja haziharibiani.

Kwa sasa kinga yenu ni sufuria. Makombo ya hotelini yachemshwe, yatokote nusu saa, ndipo yaende bandani, kwa sababu kirusi hudumu miezi kadhaa ndani ya nyama. Nguruwe asiachwe azurure jaa la taka. Anayeingia bandani abadilishe viatu, hata akiwa ni mnunuzi mwenye haraka. Hasa huyo, maana ametoka banda la mwingine.

Nguruwe wakianza kufa, najua kinachopita akilini: karo, mkopo wa chama, basi wauzwe leo kabla hawajaanguka wote. Nyama hiyo haimwambukizi binadamu homa hii, hilo ni kweli. Ila makombo yake yakifika banda la Kayole, jirani yako anafilisika. Kuripoti ugonjwa huu ni sheria. Na mzoga usitupwe mtaroni. Tunaishi na majirani ambao mnyama huyu kwao ni haramu, tena sheria ya kaunti ya kilimo cha mjini ya mwaka 2015 inataka mfugaji asiwe kero. Mpigie simu afisa wa mifugo akuonyeshe pa kuzika.

Daktari wa mifugo wa wadi amekaa pale nyuma. Mwenye nguruwe aliyekataa chakula tangu jana amwone kabla hatujanywa chai.