Maji ya Mwili wa Nyuki Arukaye

Kwa kawaida huelezwa kwamba mdudu hukauka upesi kwa kuwa eneo la ngozi yake ni kubwa mno likilinganishwa na ujazo wa mwili wake, na kwamba ndiyo sababu gamba lake limefunikwa kwa utando wa nta unaozuia maji yasipotee. Maelezo hayo ni sahihi, ila katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, zilizo kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, nyuki anayeruka huwa na shida iliyo kinyume chake: maji humzidi.

Misuli ya mbawa inapofanya kazi huhitaji oksijeni nyingi, nayo huingia kwa matundu madogo ya ubavuni na kufuata mirija ya hewa hadi ndani ya misuli yenyewe, kwa hiyo matundu hayo yanapofunguka mvuke nao hupata njia ya kutokea. Lakini misuli hiyohiyo huunguza sukari, na sukari ikiungana na oksijeni huzaa hewa ya ukaa na maji, gramu 1 ya glukosi ikitoa gramu 0.6 za maji, kama vile kuni za mkaratusi katika tanuri la kiwanda cha chai, hata zikikaushwa vipi, zinavyotoa moshi wenye mvuke. Isitoshe, mbochi, yaani maji matamu ya maua ambayo ndiyo chakula cha safari, huwa na maji mengi tayari. Hewa ikiwa baridi, kinachopotea kwa mvuke ni kidogo kuliko kinachoingia na kuzalishwa.

Ziada hiyo huchujwa na mirija ya Malpighi, ambayo kwa wadudu hufanya kazi ya figo, huku utumbo wa mwisho ukirudisha mwilini chumvi zisizofaa kupotea. Miongoni mwa nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, watafiti wa Afrika Kusini waliona mkojo mwingi mwepesi, tena ukitolewa angani. Jambo la busara, maana kila tone ni mzigo kwa mbawa.

Kusini mwa Bomet, kuelekea Chepalungu, ardhi hushuka na jua huwa kali zaidi. Joto likipita nyuzi 30 hivi hesabu huanza kugeuka, na nyuki wa asali hutema tone la mbochi mdomoni ili, likigeuka mvuke, lipoze kichwa chake.