Vijana, Si Kila Homa ni Mafua

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wanabodaboda na wanafunzi wa chuo cha ufundi

Asanteni kwa kuacha kazi na masomo kuja hapa. Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwapasha habari, lakini habari ya leo niliijua kwa mwili wangu.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni nilishikwa na homa. Mafua yaliisha baada ya siku chache, kikohozi kikabaki. Nikawa nanunua antibiotiki kwa kuhesabu, vidonge sita leo, vinne wiki ijayo. Hakuna aliyenipima. Wiki ya sita nilienda nyumbani. Mama aliona nilivyokonda na shuka lilivyolowa jasho, akanipeleka hospitali. Kilikuwa kifua kikuu. Nilimeza dawa miezi sita, nikapona. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba nililala chumba kimoja na wenzangu watatu wiki zote hizo, na mmoja wao aliugua pia.

Tatizo letu linaanzia kwenye neno. Tukisema "niko na homa" tunamaanisha mambo mengi. Tuyatenganishe.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200. Koo huwasha, unapiga chafya, kamasi zinatoka. Wengi hupona kati ya siku 7 na 10. Influenza hukuangusha ghafla kwa joto la mwili, maumivu ya viungo na uchovu mwingi. Korona nayo bado ipo, na dalili zake hufanana na hizo. Mzio huleta chafya na macho kuwasha bila joto la mwili, na hurudi kila ukikutana na vumbi. Wanabodaboda mnaujua. Malaria pia huanza kwa joto, kutetemeka na kuumwa kichwa. Ukipata joto la mwili baada ya safari ya Pwani au kanda ya Ziwa, upimwe siku hiyo hiyo.

Kwa mafua ya kawaida, pumzika na unywe maji, supu au chai ya tangawizi. Asali hutuliza kikohozi, na kusukutua koo kwa maji ya chumvi hupunguza maumivu. Paracetamol ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24. Soma pakiti, kwa sababu dawa nyingi za homa tayari zina paracetamol ndani yake. Antibiotiki haziui virusi. Ukizitumia ovyo, bakteria huzizoea, na siku utakayozihitaji hazitakusaidia.

Nenda hospitali bila kungoja ukishindwa kupumua vizuri, ukiumwa na kifua, ukikohoa damu, joto likizidi siku tatu, au ukipata nafuu kisha hali ikawa mbaya tena. Mwenye pumu, selimundu au virusi vya Ukimwi, na dada mjamzito, waende mapema zaidi.

Kikohozi kikifika wiki mbili, upimwe kifua kikuu. Usisubiri kukonda wala kutoka jasho usiku kama mimi. Katika hospitali za umma, kupima na kutibu ugonjwa huu ni bure. Ukiona haya kwenda peke yako, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu.

Najua kijana akikosa kazi siku moja, anakosa chakula cha siku hiyo. Lakini asubuhi moja ya kupimwa ni fupi kuliko miezi sita ya dawa. Kohoa ukifunika mdomo kwa kiwiko, nawa mikono kwa sabuni, fungua madirisha ya chumba na ya matatu. Na ukikohoa usiku, mkumbuke anayelala kitanda cha pili.