Asili ya Tarakimu Tunazoandika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Osieko)



Halmashauri imenitaka niseme machache kabla ya kusomwa hesabu ya mwaka. Nimechagua jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni asili ya tarakimu zilizomo katika daftari ya Mweka Hazina wetu: hizo 1, 2, 3 na nyinginezo, pamoja na sifuri.

Juu ya asili yake yasikika kati yetu maneno ya namna tatu. Wako wasemao, "Hesabu ni elimu ya Wazungu, sisi yatutosha kutia dole gumba." Wako wasemao kuwa tarakimu ni mali ya Waarabu, maana ndivyo zilivyoitwa shuleni, tarakimu za Kiarabu. Tena wako vijana wetu, nao wana hamu njema ya kuinua jina la Afrika, wasemao kwamba tarakimu hizi zilibuniwa na mababu zetu nasi tukanyang'anywa. Maneno hayo yote matatu yana kasoro, na kasoro hiyo yatutia hasara, kama nitakavyoonyesha.

Chanzo cha kosa ni kuchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali. La kwanza ni kuhesabu kwenyewe. La pili ni majina ya hesabu, yaani moja, mbili, tatu. La tatu ni alama ziandikwazo. Kila moja lina asili yake, na atakaye kulijua moja asiulize habari za jingine.

Kwanza, kuhesabu. Hakuna taifa lililofundishwa kuhesabu na taifa jingine, maana kila mtu amezaliwa na vidole kumi. Sikilizeni lugha zetu wenyewe. Mjaluo akihesabu husema abich kwa tano. Akifika sita husema auchiel, na saba husema abiriyo. Ndani ya maneno hayo mwasikika achiel na ariyo, yaani moja na mbili. Ndiyo kusema, mkono mmoja umekwisha, na sasa twaongeza kidole cha mkono wa pili. Ndugu zetu Wateso wa upande wa Malaba hufanya vivyo hivyo: tano ni ikany, sita ni ikanyape, saba ni ikanyarei. Nao Wanyala na Wasamia huzitaja tatu, tano na kumi kwa maneno yaliyo ndugu wa tatu, tano na kumi za Kiswahili. Na hata ukivuka mpaka ukafika kwa Waganda, utasikia tano na kumi zikisemwa karibu vilevile. Maneno hayo yalikuwapo kabla ya shule yoyote kujengwa katika nchi hii.

Tena kuna ushahidi wa kale zaidi, nao hauko mbali nasi. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alifukua mfupa mdogo mahali paitwapo Ishango, penye Ziwa Edward, pale mto Semliki utokapo ziwani, katika Kongo ya mashariki. Mfupa huo umechanjwa alama nyingi zilizopangwa kwa mafungu katika safu tatu. Safu mbili zina alama 60 kila moja, na ya tatu ina alama 48. Wataalamu hukadiria umri wake kuwa karibu miaka 20,000, nao wabishana hata leo kama ilikuwa hesabu ya miandamo ya mwezi au ya kitu kingine. Mfupa huo umewekwa katika nyumba ya makumbusho mjini Brussels. Basi asemaye kuwa Mwafrika hakujua kuhesabu amekosa sana. Lakini vijana wetu nao wafahamu kwamba chale za Ishango si tarakimu tunazoandika. Chale sita ni chale sita; haziwi 6. Heshima ya mababu zetu yatosha kwa yale waliyoyafanya kweli, wala haina haja ya kuongezewa tusiyoweza kuyathibitisha.

Pili, majina. Hapa Kiswahili chenyewe ni shahidi mwema. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Lakini sita, saba na tisa yametoka Uarabuni, pamoja na ishirini, thelathini na elfu. Je, watu wa pwani walikuwa hawana sita, wala saba, wala tisa kabla ya kuonana na Waarabu? Walikuwa nazo. Sita iliitwa tandatu. Saba iliitwa fungate, na hata leo siku za faragha za bwana na bibi arusi zaitwa fungate, kwa kuwa zilikuwa siku saba. Tisa iliitwa kenda, nalo neno hilo li hai katika jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa. Majina mapya yaliingia kwa njia ya biashara, watu wakayazoea. Hata juma letu limeona kuonana huko: tuna Jumatano, ambayo ni siku ya tano tukianza na Jumamosi, na mara baada yake Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu maana yake pia ni siku ya tano, tukianza na Jumapili. Tano mbili zakaa jirani katika juma moja, wala hazigombani. Tena tunaposema laki kwa mia elfu, neno hilo limetoka Bara Hindi.

Tatu, alama zenyewe, nazo ndizo nilizokusudia hasa. Tarakimu hizi zilizaliwa Bara Hindi. Waarabu wenyewe hawakujidai kuzibuni, bali waliziita tarakimu za Kihindi. Mwaka 662 askofu mmoja wa Shamu, Severus Sebokht, aliandika kuwasifu Wahindi kwa hesabu yao ifanywayo kwa alama tisa tu. Mwaka 628 mwanachuoni wa Kihindi Brahmagupta alikuwa amekwisha kuandika kanuni za sifuri: kwamba hesabu ikijumlishwa na sifuri haiongezeki, na hesabu ikiondolewa katika nafsi yake husalia sifuri. Tena katika mji wa Gwalior liko hekalu lenye maandishi ya mwaka 876, yaelezayo habari za bustani ya maua yenye urefu wa dhiraa 270 na upana wa dhiraa 187, na mashada 50 ya maua ya kutolewa kila siku. Sifuri za 270 na 50 zaonekana pale jiweni, mviringo mdogo, kama tuziandikavyo sisi.

Huenda mtu akauliza, "Alama ya kitu kisichokuwapo ina faida gani?" Faida yake ni kulinda nafasi. Katika desturi hii ya Kihindi, tarakimu hupata thamani yake kwa mahali ilipokaa: mamoja, makumi, mamia. Tatu na tano zaweza kuwa 35, au 305, au 350, na tofauti yote ni mahali sifuri ilipoketi. Warumi, pamoja na nguvu zao zote, hawakuwa na jambo hili. Mwaka 1888 kwa desturi yao huandikwa kwa herufi kumi na tatu, MDCCCLXXXVIII. Na ajaribu apendaye kuzidisha kwa herufi hizo.

Kutoka Bara Hindi elimu hii ilifika Baghdad. Huko, karibu na mwaka 825, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alitunga kitabu juu ya hesabu ya Kihindi. Neno la Kihindi shunya, maana yake tupu, likageuzwa kwa Kiarabu kuwa sifr, nalo ndilo hilo letu sifuri. Kisha tarakimu zikaenda magharibi hadi Afrika ya Kaskazini na Hispania, na huko umbo lake likabadilika kidogo. Umbo la 2 na 3 tuliandikalo leo ni la watu wa Maghribi. Misri na Arabuni walishika umbo jingine. Hilo jingine ndilo lililotumika katika pwani yetu, na laonekana juu ya pesa za Sultani Barghash bin Said wa Unguja, zenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani karibu na mwaka 1882.

Na Wazungu je? Wao nao walifundishwa, na mmoja wa wanafunzi wao mashuhuri alifundishwa katika Afrika. Leonardo wa mji wa Pisa, aitwaye pia Fibonacci, alikuwa na baba aliyefanya kazi kwenye forodha ya wafanya biashara wa Pisa katika bandari ya Bugia, iliyo katika nchi ya Algeria ya leo. Jina lafanana kidogo na la Busia yetu, ingawa hayana ujamaa. Lakini kazi ni ileile tuionayo kila siku mpakani, watu wa mataifa mawili, bidhaa, ushuru na kubadilisha fedha. Baba alimwita kijana wake aje kujifunza hesabu ya Kihindi katika bandari hiyo. Mwaka 1202 Leonardo alitoa kitabu chake Liber Abaci, na ndani yake akawaeleza watu wa kwao kwamba kwa alama tisa za Wahindi, pamoja na sifuri, hesabu yoyote yaweza kuandikwa.

Hata hivyo hawakuzipokea mara moja. Mwaka 1299 chama cha wabadilishaji fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu za daftari kwa tarakimu, wakaagizwa waandike kwa maneno. Sababu itajwayo sana ni kwamba sifuri ni rahisi kugeuzwa kuwa 6 au 9 kwa mkwaju mmoja wa kalamu. Woga wao ulikuwa na maana, na hata leo hundi ya benki huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.

Kabla ya kumaliza habari hii, niseme neno juu ya hadithi moja iliyoenea sana, kwamba kila tarakimu ilichorwa kwa idadi ya pembe zake: 1 pembe moja, 2 pembe mbili, na kadhalika mpaka 9. Yapendeza, lakini si kweli. Ili 7 na 9 zipate pembe za kutosha, wenye hadithi huzichora kwa namna ambayo haikuandikwa na watu wa kale. Maandishi ya zamani ya Bara Hindi yaonyesha kwamba moja ilikuwa mstari mmoja uliolala, mbili mistari miwili, tatu mistari mitatu. Waandishi walipoandika upesi bila kuinua kalamu, mistari ikaungana, na humo zikatokea 2 na 3.

Basi, Wazee wangu, faida ya habari hizi kwetu ni nini? Ni hii. Maadamu tarakimu zimepita mikononi mwa Wahindi, Waarabu, watu wa Maghribi na Wazungu, na kila mmoja alijifunza kwa mwenzake bila kupungukiwa heshima, hapana awezaye kusema kuwa si zake, wala hapana mwenye udhuru wa kumwachia mtu mmoja daftari kwa kuwa ndiye aliyekwenda shule. Mama auzaye omena hapa Osieko ajua hesabu ya gorogoro zake kichwani, pamoja na deni la kila mnunuzi. Mvuvi ajua mgawo wa mashua, wa nyavu na wa kila mkono. Akili ya hesabu wanayo. Wamekosa alama kumi tu, na alama kumi hazimshindi mtu mzima.

Tena hasara yake ni ya kweli. Tuseme wanachama 120 wametoa mchango wa mazishi shilingi 200 kila mmoja. Jumla ni shilingi 24,000. Sifuri moja ikianguka, daftari yasoma 2,400, na shilingi 21,600 zimetoweka pasipo mwizi kuvunja mlango. Kadhalika, aendaye Busia au Malaba kubadilisha fedha atapokea noti za Uganda zenye sifuri nyingi, na tofauti ya 5,000 na 50,000 ni sifuri moja tu. Asiyeitambua hudhulumiwa mchana kweupe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari; nasi twaweza kuongeza kwamba daftari bila wasomaji ni kama hakuna.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ufikiri juu ya mambo matatu. Kwanza, kila stakabadhi ya Chama iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno pia. Pili, hesabu ya mwaka isomwe kwa sauti, fungu kwa fungu, na wazee wapewe nafasi ya kuuliza kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Tatu, kila kijiji kichague wazee wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wafundishwe na vijana wetu kusoma daftari. Kijana atakayemfundisha babu yake mamoja, makumi na mamia atakuwa amelipa sehemu ndogo ya deni kubwa.

Mweka Hazina asione kwamba twamshuku. Daftari isomwayo na watu wengi humlinda yeye kwanza, maana siku ya maneno atakuwa na mashahidi.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyotumwa kuyasema. Hesabu ya mwaka iko mezani. Nawasihi tuisikilize sote kama wenye mali.