Fungu la Mtoto Mdogo

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mtu mmoja aliyemo katika nyumba nyingi, naye hana sauti katika baraza lolote. Mtu huyo ni mtoto wa mwaka wa pili. Amekwisha kuota meno ya mbele, atembea kwa kushika ukuta, lakini hajaweza kushindana na ndugu zake katika sinia moja. Sisi walimu kazi yetu ni kusomesha watoto waliokwisha kufika umri wa shule. Bali tumeona ya kwamba akili ya mtoto huanza kujengwa jikoni, muda mrefu kabla hajashika kalamu. Kwa hiyo mazungumzo yetu ya leo ni ya jikoni.

Neno letu ni moja, nalo ni hili: katika nyumba nyingi za Unguja chakula cha kumtosha mtoto mdogo kimo, kinachokosekana ni fungu lake na saa yake. Hatusemi habari za nyumba ambayo moto haukuwashwa kwa kukosa cha kupika. Nyumba hiyo yataka msaada wa jirani kwanza, mawaidha baadaye. Twasema habari za nyumba ambayo chungu kimepakuliwa, wote wamenawa mikono, na mdogo kuliko wote ameondoka mkekani na njaa wala hakuna aliyetambua.

Natuanze na maziwa ya mama. Waganga wa leo hushauri ya kwamba katika miezi 6 ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, wala asipewe hata maji. Miezi 6 ikiisha, maziwa hayo hayamtoshi tena peke yake, lakini yafaa yaendelee pamoja na chakula hata atimize miaka 2 au zaidi. Na watu wa Unguja hawalioni neno hili kuwa geni, maana Kurani nayo imetaja miaka miwili kamili kwa mama apendaye kutimiza kunyonyesha. Hapo dini na uganga vimekutana njiani vikasalimiana.

Lakini wakati huo wa katikati, tangu uji wa kwanza mpaka mtoto aweze kujilisha mwenyewe, ndio wakati wa hatari. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, jina lake Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliandika habari za ugonjwa aliouona kwa watoto wa Gold Coast, nchi ambayo leo yaitwa Ghana. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina walilolitumia watu wa kabila la Ga, yaani kwashiorkor. Maana ya jina hilo ni ugonjwa umpatao mtoto wa kwanza anapozaliwa mdogo wake. Tazameni akili ya akina mama wale! Hawakuwa na hospitali kubwa wala vitabu, lakini walikwisha kuona ya kuwa mtoto aondolewaye ziwani upesi, asipewe kitu chenye nguvu badala yake, huugua. Sisi ugonjwa huo twauita unyafuzi. Wataalamu bado wajadiliana juu ya sababu zake zote, lakini dalili zake zajulikana: miguu na uso huvimba, nywele hugeuka rangi na kung'oka upesi, na mtoto hukosa raha, hataki kucheza wala kula. Ubaya wake ni kwamba uvimbe huo waweza kumdanganya mtu, jirani akapita akasema, "Mwanao amenenepa." Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku ile ile, asingojewe kesho.

Uko na udhaifu mwingine usiopiga kelele, nao ni kudumaa. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wafupi kuliko ilivyopasa umri wao kwa sababu ya kukosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu. Mtoto aliyedumaa si mgonjwa wa kulala kitandani. Acheka, apiga mbio, atumwa dukani. Lakini kudumaa hakukomi katika kimo tu. Mara nyingi hufuatana na uzito wa kujifunza, na kilichopotea katika miaka miwili ya kwanza ni taabu kukirudisha baadaye. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Sasa natuangalie sinia. Kula pamoja ni desturi njema, nasi hatutaki ipotee. Katika sinia mtoto hujifunza kungoja wakubwa, kula kilicho mbele yake, na kutoacha punje zikitapakaa. Lakini mtoto wa mwaka wa pili hajafika kwenye masomo hayo. Wali ni wa moto, vidole vyake havijui kufanya tonge, samaki ana miba, na mchuzi una pilipili. Kaka yake wa miaka minane hupeleka matonge matatu kinywani naye hajamaliza moja. Sinia likiisha, mama aona limeisha, naye huridhika. Hawezi kujua nani kalimaliza. Na tumbo la mtoto huyu ni dogo, haliwezi kuweka akiba ya mchana kutwa kwa mlo mmoja kama tumbo la mvuvi.

Dawa yake ni rahisi: mtoto mdogo awe na kibakuli chake. Aketi mkekani pamoja na wenziwe, lakini fungu lake lipakuliwe kwanza, lipozwe, na awepo mtu wa kumlisha polepole. Akifika mwaka mmoja hadi miwili, kila mlo apewe kiasi cha robo tatu ya kikombe au kikombe kizima cha robo lita, mara 3 au 4 kwa siku. Na kati ya mlo na mlo apate kitu kidogo, kama kipande cha papai, embe au ndizi mbivu. Hapo mama ataona kwa macho yake: kibakuli kilijaa, sasa ki tupu, au kilijaa, na bado kimejaa, basi huenda mtoto ana homa.

Wako watu wasemao ya kwamba mtoto akitengewa chakula atakuwa mchoyo. Sisi twaona sivyo. Mtoto ambaye njaa imemfundisha kunyang'anya ndiye awezaye kuwa mchoyo. Huyu aliyeshiba kwa fungu lake, akifika miaka mitatu au minne na kuingizwa siniani, ataingia kwa adabu.

Tena yatupasa kusema kitu gani kiwekwe kibakulini. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, Wajapani waliiteka Burma, na mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Watu wa Unguja, waliozoea mchele wa ng'ambo, ikawabidi kutegemea zaidi muhogo, viazi, ndizi na nafaka nyingine. Muhogo ni rafiki wa wakati wa dhiki, nasi hatumtukani. Lakini muhogo hushibisha zaidi kuliko unavyojenga. Uji mwembamba wa unga wa muhogo, wenye maji mengi na sukari kidogo, hujaza tumbo la mtoto, ukamnyamazisha, wala usimpe nyama mwilini. Uji ufaao ni ule ukiinamisha kijiko hauanguki upesi.

Basi mpikie hivi. Chemsha muhogo, au viazi vitamu, au boga, au ndizi mbichi, hata vilainike. Chemsha kunde au choroko mpaka ziive sana, uziponde na kuzichuja maganda. Chukua dagaa wakavu, uwakate vichwa, uwaoshe mchanga, uwakaange kidogo bila mafuta, kisha uwatwange wawe unga mlaini, uuhifadhi katika chombo chenye kifuniko. Ponda vyote pamoja, tia kijiko cha unga wa dagaa, ulainishe kwa tui zito, uchemshe tena kidogo. Usitie pilipili, na chumvi iwe kidogo sana. Siku nyingine badala ya dagaa tia yai lililoiva, au samaki uliyemtoa miba yote, au ini. Mchicha na matembele yakatwe madogo madogo. Kisamvu ni mboga nzuri pia, lakini lazima kitwangwe na kupikwa muda mrefu, maana kikiwa kibichi kina sumu. Karanga zisagwe, nzima nzima zaweza kumpalia mtoto. Hapana katika haya kitu kitokacho mbali. Mashamba ya magharibi yana ndizi na mafenesi. Nchi ya maweni upande wa mashariki ina muhogo na kunde. Na pwani zote mbili zina samaki.

Hata hivyo, chakula kikiwapo na fungu likiwapo, imebaki saa. Natutwae mfano wa nyumba moja ya Jambiani au Paje. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani cha kuuza kimeenea pwani hizo, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kabla ya hapo mama zao walikuwa wakienda miambani kutafuta pweza na chaza, na wengine wangali wakienda. Sasa bahari haina simile. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka sana kati ya saa nne na saa tano za asubuhi, na kila siku hukauka nyuma kidogo kuliko jana. Mama hutoka mapema akafunge kamba zake, hurudi jua limepita kichwani, amechoka, nguo zimelowa, na bado kuni hazijatafutwa. Huyo mtoto wake wa mwaka wa pili, aliyekunywa chai alfajiri, hupata mlo wa kwanza wa haki alasiri. Mama huyo hakumsahau mwanawe. Ile kazi ya majini ndiyo imnunuliayo daftari na nguo. Ilivyo ni kwamba saa ya bahari na saa ya tumbo la mtoto zimegongana.

Basi nyumba nzima na ipange pamoja. Usiku wa kuamkia bamvua kunde zichemshwe na viazi vitengwe. Alfajiri mama apike uji mzito wa tui, mtoto ale ashibe, na anyonye kabla mama hajatoka. Fungu la saa nne lipikwe na mwenye kubaki nyumbani. Au likipikwa mapema, lifunikwe vizuri kwa kawa, na bibi alipashe moto mpaka lichemke kabla ya kumlisha, wala lisikae zaidi ya saa mbili bila kupashwa. Mwiku wa jana si chakula cha mtoto mdogo. Maji yake yachemshwe, na mikono ya mlishaji ioshwe kwa sabuni. Mtoto akiharisha, kile alichokula chote hakikumfaa.

Mjini hakuna mwani, lakini shida ni ile ile katika vazi jingine. Mama aenda kazini, au auza maandazi barazani, na mtoto hupewa boflo na chai ya rangi asubuhi, na jioni urojo wa njiani. Chai humzuia mtoto kupata madini ya chuma kutoka katika chakula chake, na madini hayo ndiyo yatengenezayo damu. Kwa hiyo chai tuwaachie wakubwa. Mkaa uliowashwa katika seredani kwa chai ya baba watosha pia kupika uji wa mtoto. Na atakayepita Darajani kununua samaki anunue na fungu la mchicha.

Hapa twataka kusema na akina baba. Desturi ya nyumba nyingi ni kumtengea baba kipande kizuri cha samaki, na heshima hiyo haina kosa. Lakini mtu mzima akikosa samaki siku moja hapungukiwi kimo. Mtoto akikosa miezi mingi hupungukiwa maisha yake yote. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, na samaki wakawa ghali mnadani, baba anunue dagaa wakavu wa kuweka, na anapopakuliwa aulize swali moja tu: "Mdogo amekwisha kutengewa?" Swali hilo likiulizwa kila siku, halitachukua mwezi kabla halijawa desturi ya nyumba.

Na ninyi wanafunzi, hasa dada na kaka wakubwa, msidhani habari hii ni ya wazee. Mara nyingi ninyi ndio mnaoachiwa mtoto. Mtakapotoka shuleni leo, mlisheni kwa kijiko, mtazameni usoni, msemeshe, msimlazimishe wala msimharakishe. Yaandikeni katika daftari mambo aliyokula kwa siku saba, kisha msomeeni mama. Hiyo nayo ni hesabu, tena ni hesabu yenye faida. Kadhalika mkumbusheni siku ya kupima uzito katika kituo cha afya, maana ile kadi yaweza kuonyesha upungufu mapema kuliko jicho.

Mabibi na mabwana, hatukuwaomba mjenge jiko jipya wala mnunue chakula cha kopo. Tumeomba kibakuli kimoja, kipakuliwe kwanza, kwa saa inayojulikana, na mtu mmoja wa kukisimamia. Usiku wa leo, chungu kitakapoteremshwa mafigani, mwenye upawa na aanze na yule asiyeweza kusema kuwa bado ana njaa.