Pato Kubwa, Nyumba Baridi: Kuzisoma Takwimu za Nchi za Ulaya

Julai 2016, ofisi ya takwimu ya Ireland ilitangaza kwamba Pato la Taifa la nchi hiyo lilikuwa limekua kwa asilimia 26.3 katika mwaka 2015. Mishahara ya wananchi haikupanda kwa kasi hiyo. Kampuni kubwa za kimataifa zilikuwa zimehamishia haki miliki zao kwenye hesabu za Ireland, na mali za kampuni za kukodisha ndege nazo zikaandikwa huko. Kanuni zilifuatwa, lakini maisha ya Mwairishi wa kawaida hayakuonekana ndani ya tarakimu ile. Mwaka 2017 ofisi hiyo ikaanza kuchapisha kipimo kilichorekebishwa, kinachopunguza athari za kampuni hizo.

Hoja ya mada hii ni kwamba takwimu za uchumi wa Ulaya hazitoshi kupima ustawi mpaka zisomwe pamoja na takwimu za kaya. Nyenzo zipo. Eurostat, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1953 na yenye makao yake Luxembourg, hukusanya takwimu za nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya na kuzitoa bure.

Luxembourg yenyewe ni mfano mzuri. Pato lake kwa kila mtu ni zaidi ya mara mbili ya wastani wa Umoja. Hata hivyo, wafanyakazi zaidi ya 200,000 huvuka mpaka kila siku kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Jasho lao huingia kwenye pato, ila pato likigawanywa kwa idadi ya wakazi, wao hawamo.

Umaskini nao una mtego wake. Anayehesabiwa kuwa katika hatari ya umaskini ni yule ambaye kipato chake hakifikii asilimia 60 ya kipato cha kati cha nchi yake mwenyewe. Kwa hiyo mstari wa umaskini wa Luxembourg uko juu sana kuliko wa Romania. Kipimo hiki kinaonyesha pengo baina ya raia wa nchi moja. Hakisemi nani ana chakula kingi zaidi mezani.

Nishati ndiyo inayofumbua macho zaidi. Wadadisi huziuliza kaya swali jepesi: je, mnamudu gharama za kupasha nyumba joto la kutosha? Mwaka 2023, waliosema hawamudu walikuwa asilimia 20.8 nchini Ureno, na kiwango kilekile Hispania. Ufini, yenye majira ya baridi makali kupindukia, ilikuwa na asilimia 2.6 tu.

Hali ya hewa haielezi tofauti hiyo, majengo yanaeleza. Nyumba ya Helsinki ina kuta zilizosheheni vizuia baridi, madirisha ya vioo vitatu, na mara nyingi maji ya moto yanayoletwa kwa mabomba kutoka mtambo wa mji. Nyumba nyingi za Ureno zilijengwa bila kinga hiyo wala mfumo wa kupasha joto nyumba nzima. Januari, mkazi wa Porto huvaa koti akiwa sebuleni.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kila ripoti au somo linalotaja pato la nchi ya Ulaya liambatanishe tarakimu mbili: matumizi halisi ya kaya, na idadi ya wasiomudu joto la nyumba. Kwa kipimo cha matumizi, Ireland, ambayo pato lake kwa kila mtu ni maradufu ya wastani wa Umoja, hurudi karibu na wastani huo.