Supu ya Nyanya: Mafuta Kidogo Yasikosekane

Msikilizaji, msimu wa nyanya ukifika, pale Ilula mkoani Iringa matenga hujaa kando ya barabara kuu, na bei hushuka. Huo ndio wakati wa kupika supu ya nyanya nyumbani. Ila ipike kwa mafuta kidogo. Wekundu wa nyanya unatokana na kirutubisho kiitwacho laikopini. Kirutubisho hiki kimefungiwa ndani ya nyama ya tunda. Moto hukifungua. Kisha mafuta hukibeba, kwa kuwa laikopini huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Ndiyo maana mwili huipata kwa wingi zaidi katika nyanya iliyopikwa kwa mafuta kuliko katika nyanya mbichi.

Wapo watakaosema moto huharibu vitamini C. Ni kweli, sehemu yake hupotea. Basi kamulia ndimu baada ya kuipua supu, na kachumbari usiiache. Wengine wanaogopa mafuta. Hatusemi supu ielee mafuta. Kijiko kimoja au viwili kwa sufuria ya familia vinatosha. Kaanga kitunguu taratibu. Tia nyanya zilizoiva, ulizozikatakata, na chumvi kiasi. Funika mpaka ziwe rojo. Ponda kwa mwiko, ongeza maji, acha ichemke tena. Nyanya iliyolainika tu inafaa kabisa. Yenye ukungu itupe yote, usikate kipande ukabakiza kingine. Leo jioni, mama, baba, zipike nyanya zako, na mafuta kidogo yasikosekane.